Ukuta wa Skrini na Mrija wa Baba

Kazi yangu ni kuchora vitu ambavyo watu wengi wanavitazama kwa wakati mmoja. Nikisema hivyo kwenye sherehe, watu wanadhani ninapaka rangi mabango ya bia. Hapana, jamani. Ninachora kile kinachoonekana kwenye skrini kubwa, zile zinazopangwa ukutani moja juu ya nyingine hadi zinakuwa kitu kimoja: mistari, rangi, herufi, mahali pa kubonyeza. Skrini ya simu ni ya mtu mmoja na kidole chake. Ukuta wa skrini ni wa chumba kizima, na chumba kina wakubwa na wadogo, kina wanaoelewana na walionuniana, kina hata yule mmoja anayekula karanga tangu asubuhi. Wote hao wanaingia katika mchoro, upende usipende.

Ukuta ninaousimulia uko hapa Lubumbashi, katika chumba cha kampuni moja ya kugawa umeme. Ni skrini kumi na mbili, nne kwa upana, tatu kwa kimo, na juu yake imetandazwa ramani ya laini zote wanazozihudumia. Laini yenye umeme ni ya kijani, iliyokatika ni nyekundu, inayotengenezwa ni ya njano. Mbele ya ukuta wanakaa waongozaji, yaani wale wanaokata umeme na kuurudisha. Mmoja wa mistari ile ulikuwa unapeleka umeme mtaa wa Hewa Bora, na huko Hewa Bora ndiko baba yangu alikokuwa anaishi na mashine yake ya hewa.

Mapafu ya baba yalikuwa yamechoka. Mashine ilichuja hewa ya chumbani ikampelekea puani kwa mrija mrefu wa plastiki, mchana na usiku. Umeme ukikatika, mashine inanyamaza, tunamfungulia mtungi wa akiba, nao haukai muda mrefu. Mtungi ukiisha umeme haujarudi, baba hana hewa. Ndivyo ilivyokuwa, na ndiyo maana wenzangu walipouona mji mzima ukutani, mimi nilikuwa ninauona mstari mmoja tu. Baba mwenyewe alikuwa anatania: "Niko Hewa Bora, na hewa minaomba ku machine." Mama hakuwahi kucheka hata mara moja.

Kabla ya kugusa kompyuta nilianza na karatasi. Ukuta mkubwa huwezi kuujaribu kwenye skrini ya mezani, kwa sababu herufi inayokutosha ukiwa karibu inageuka vumbi ukirudi nyuma kidogo. Basi nikachukua kalenda za zamani, nikazigeuza upande mweupe, nikazibandika kwenye ukuta wa sebule ya wazazi wangu na kuandika majina ya mitaa kwa ukubwa wake halisi. Mama akasimama na ufagio mkononi.

"Huu ni ukuta wa nyumba ao wa bureau?" akaniuliza, akimaanisha ofisi.

"Ni wa siku mbili tu, mama."

"Siku mbili zako minazijua."

Baba alikuwa kwenye kiti chake, upande wa pili wa sebule. Alikuwa mtu wa reli, kama baba yake aliyeshuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuifuata kazi hiyohiyo, na watu wa reli wamezoea kusoma alama kwa mbali. Nikamwomba asome.

"Katuba," akasema. Akavuta hewa. "Kampemba. Na ile ya chini kule, sione."

"Annexe, papa."

"Annexe? Annexe iko mukubwa kupita zote, na weye unaiandika sawa jina ya dawa ku chupa!"

Nikafuta, nikaandika upya, akasema bado, nikaandika tena. Alicheka mpaka akakohoa, na mama akanitupia lile jicho lake. Herufi za Annexe zilizoko leo ukutani zimepimwa na baba yangu akiwa ameketi, na waongozaji hawajawahi kuzilalamikia.

Shida nyingine ilikuwa fremu. Kati ya skrini na skrini kuna ukanda mweusi, mwembamba lakini upo, na chochote kinachoangukia hapo kinakatika vipande viwili au kinamezwa kabisa. Mafundi walipoiweka ramani mara ya kwanza, mahali fremu za skrini nne zinapokutana palikuwa Hewa Bora. Mawe, mama wee! Nilikasirika mpaka wakadhani nimetukanwa. Nikaomba kiti, nikakaa nao siku nzima, nikausogeza mji wote pole pole mpaka kanda zile nyeusi zikaangukia kwenye lundo la mabaki ya kiwanda cha shaba, kwenye uwanja wa ndege na kwenye makaburi. Ni sehemu ambazo hakuna anayelala humo akingoja umeme. Mmoja wa mafundi akafanya ishara ya msalaba akasema, "Bafu batatusamehe," yaani marehemu watatusamehe, tukacheka na tukaendelea na kazi.

Sasa niseme habari ya mrija. Ulitoka kwenye mashine, iliyokuwa karibu na soketi pekee nzuri ya sebule, ukakatiza sakafu hadi kwenye kiti cha baba, ukapita mbele ya mlango wa korido. Kwetu huruki miguu ya mtu, seuze ya mzazi. Ukimkuta mkubwa amenyoosha miguu njiani, unasimama, unasema pardon, yaani samahani, unangoja aikunje, au unazunguka. Na mrija ule, kwa kuwa ulitoka mwilini mwa baba, sote tuliuhesabu kuwa mguu wake. Hakuna aliyetuagiza. Tulianza tu kuzunguka: unatoka mlango wa mbele, unapita uani penye mkaa na masufuria, unaingia kwa mlango wa jikoni, ndipo unafika korido. Wageni nao walizunguka. Mvua ikinyesha tulilowa. Katika nyumba ile hakuna aliyeona ajabu, hata mimi ninayelipwa kuangalia watu wanavyopita.

Ukuta ulipowashwa kazini, kila mwongozaji alipewa mshale wake wa kutembeza kwa souris, yaani kipanya cha kompyuta, na kila mshale ulikuwa na rangi yake, mkubwa, ili usipotee kwenye upana ule. Kila mmoja aliweza pia kufungua jedwali lake na kuliweka popote ukutani. Sote tulilipenda wazo hilo, na aliyelipenda kuliko wote ni mkuu wa chumba. Alikuwa mzee wa sauti ya chini, amebakiza kidogo kwenda kupumzika, na tulimwita Papa Chef, yaani baba na mkuu wetu. Siku ya kwanza alifungua jedwali lake la mizigo ya umeme, yaani kiasi kinachobebwa na kila laini, akalivuta mpaka likawa pana sawasawa, akaliweka katikati ya ukuta. Hapo likakaa. Alikuwa analitazama kwa raha, mikono juu ya tumbo.

Niliona mishale ya wengine inafika kwenye ukingo wa jedwali lile, inapinda, inazunguka na kupita upande wa pili. Nikadhani bado wanajifunza souris. Aliyekuwa mwepesi kuliko wote alikuwa binti mmoja wa Katuba, mdogo wao kwa umri, mwongozaji kamili, mwenye akili na mdomo. Mshale wake ulikuwa wa rangi ya chungwa. Mimi alikuwa ananiita yaya, kama dada yake mkubwa. Hata mshale wake ulizunguka.

Siku ninayoikumbuka ilikuwa asubuhi yenye upepo, kabla ya mvua. Papa Chef alikuwa ametoka kidogo kwenda kutoa pole kwenye kilio cha jirani wa ofisi, na jedwali lake lilibaki wazi ukutani kama koti kwenye kiti. Mimi nilikuwa nyuma ya chumba ninakagua ukali wa mwanga. Simu ikalia. Mama.

"Courant inaenda." Umeme umekatika.

"Fungua chupa ya hewa, mama."

"Chupa haiko. Kaka yako alienda nayo kuijaza."

Nikauangalia ukuta. Kijani, kijani, kijani kila upande. "Mama, huku laini zote ziko kijani."

"Kijani yenu itanisaidia nini? Papa yako anapumua na mabega!"

Nilimsikia. Nyuma ya sauti ya mama nilimsikia baba anavuta, anakosa, anavuta tena. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, mchana kweupe, ndani ya chumba chenye ubaridi na viti vizuri. Nikauangalia ukuta upya, safari hii kama mtu anayetafuta sindano, na kwenye ukingo wa chini wa jedwali la Papa Chef nikaona uzi mwekundu unawaka na kuzimika. Ilikuwa ncha ya laini ya Hewa Bora. Mstari wenyewe ulikuwa umefunikwa. Na pale ukingoni, mbele ya ule uzi, mshale wa chungwa ulikuwa umesimama unatetemeka.

"Unaona?" nikamuuliza binti.

"Minaona, yaya. Iko chini ya tableau ya Papa Chef."

"Sasa si uiondoshe!"

"Ni ya papa," akasema, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Muntu anaenda kumuita. Anakuja sasa hivi."

Hasira ikanipanda mpaka kwenye masikio. Nikavuta kiti, nikashika souris, mshale wangu mweupe ukakimbia ukutani ukafika penye jedwali. Ukasimama. Ukasimama, jamani! Mashine haikukwama. Ni mkono wangu uliokataa, mkono uliolelewa katika nyumba ya kuzunguka uani. Simu iko kwenye bega, baba yangu anatafuta hewa sikioni mwangu, na mimi nimesimamisha mshale mbele ya jedwali la mzee ambaye hata hayumo chumbani. Basi nikakigeukia kiti chake kitupu nikasema kwa sauti, "Pardon, papa." Kisha nikalikokota lile jedwali mpaka mwisho wa ukuta.

Hakuna aliyecheka. Laini ya Hewa Bora ikaonekana yote, nyekundu, ndefu, na binti wa Katuba hakungoja kuambiwa. Alishika simu ya mezani akawauliza mafundi wa nje, "Kwiko muntu ku laini?" Huwezi kurudisha umeme kabla ya kuuliza hivyo, kwa kuwa mtu anaweza kuwa juu ya nguzo, na mtu huyo pia ana watu wake. Sheria hiyo ninaijua na ninaiheshimu. Asubuhi ile niliichukia. Walijibu kwamba hakuna mtu, kwamba upepo umetupa tawi kwenye nyaya na tawi limeshaanguka chini. Mshale wa chungwa ukaenda moja kwa moja, ukabonyeza, na mstari ukawa wa kijani.

Simu ilikuwa bado wazi. Nikasikia mashine ya baba inalia ting, halafu ule mngurumo wake. Nikasikia kitu kizito kinakokotwa sakafuni, halafu simu ikakatwa. Nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje, nikalia, binti akaja akakaa karibu yangu.

Papa Chef aliporudi alisimama mlangoni akautazama ukuta. "Nani alisogeza?"

"Ni miye, papa," nikajibu. "Kwa Hewa Bora courant ilikuwa imeenda. Baba yangu yuko na machine ya hewa. Alama ilikuwa chini ya tableau yako, na hakuna aliyeweza kuigusa."

Alinitazama, kisha akawatazama vijana wake mmoja mmoja. Nadhani alielewa haraka kuliko mimi.

"Papa yako anapumua?"

"Anapumua."

"Basi," akasema, akaenda kukaa. Kwa muda mrefu hakugusa souris.

Jioni nikafika nyumbani kabla ya chakula. Nikaingia mlango wa mbele, nikageuka kwa mazoea ili nitoke nizunguke uani, na mama akaniita kutoka korido: "Weye, unaenda wapi? Pita!" Kiti cha baba hakikuwa mahali pake. Kile kitu kizito nilichosikia kwenye simu kilikuwa hicho. Mama alikuwa amekikokota na baba juu yake, mpaka ubavuni mwa mashine, kando ya ukuta, mrija umekunjwa nyuma ya kiti, na katikati ya sebule pakawa wazi. Alitaka kuwa karibu na soketi huku akiweza kumshika baba mkono, ndivyo alivyonieleza, hakuwa na hesabu nyingine.

"Mama yako ananihamisha bila kuniuliza," baba akasema. Uso wake ulikuwa wa majivu, lakini alikuwa anatabasamu. "Lakini hapa minaona milango yote miwili."

Nilikula bukari yangu, yaani ugali, nikiangalia sakafu ile tupu. Muda wote ule tulikuwa tunazunguka nyumba, na dawa ilikuwa kumpa mzee mahali pazuri pembeni. Hakuna mtu aliyepaswa kujifunza kuruka miguu ya mtu. Nikaacha chakula nikatafuta kalamu, na mama akasema watoto wangu, kama nitakuja kuwapata, watakula karatasi.

Wiki iliyofuata nilimwendea Papa Chef na mchoro. "Papa, tunataka kukupa kiti."

"Kiti niko nacho."

"Kiti cha ukutani."

Nikamwonyesha. Safu nzima ya kushoto, skrini tatu kutoka juu mpaka chini, ingekuwa ya majedwali, na sehemu ya juu kabisa, penye mwanga mzuri, ingekuwa yake. Akilifungua jedwali lake litakwenda hapo lenyewe, kubwa, na hakuna wa kulifunika. Safu tatu zilizobaki ni za mji peke yake. Hakuna kitakachofunguka juu ya mji, awe mkubwa awe mdogo.

Aliugeuza mchoro huku na huku. "Kwa nini haukuanza vile?" akaniuliza.

"Sikuwa nimefika nyumbani, papa."

Akacheka kwa pumzi ya pua, na siku tulipobadilisha alilifungua na kulifunga jedwali lake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mishale ikaanza kupita katikati bila wasiwasi. Binti wa Katuba akanikonyeza.

Papa Chef ndiye aliyetaka pia nukta ya buluu. "Tia alama ya papa yako," akasema. Nilikataa, nikaona haya, nikasema sitaki mji mzima uangalie nyumba yetu kwa sababu mimi ndiye mchoraji. Akaniambia nisiwe mjinga, kama kuna moja basi kuna zingine, watu watie alama zote. Wakatuma neno kwa mapadri na kwenye vituo vya afya, familia zikajitokeza: mmoja Katuba, wengine mbali huko Annexe ambako laini inakwisha. Kila nyumba yenye mtu anayepumua kwa mashine ikapata nukta ndogo ya buluu kwenye mstari wake, na laini yenye nukta ikikatika ndiyo inayoshughulikiwa kwanza. Nilipokuwa na kazi pale nilikuwa naitazama ile ya Hewa Bora kila ninapoingia, kabla hata ya kusalimia.

Baba alifariki wakati wa baridi, asubuhi, ameketi kwenye kiti chake kando ya ukuta. Umeme ulikuwepo. Mashine ilikuwa inanguruma na mama alikuwa amemshika mkono. Alikuwa amechoka tu, na kwa hilo sina wa kumlaumu, ingawa nilitafuta. Tuliweka matawi barabarani mbele ya nyumba, watu wakajua kuna kilio wakapunguza mwendo. Chumba kizima cha umeme kilikuja kwa zamu. Papa Chef alikaa na wazee tangu mchana mpaka jua linazama. Tulimzika kwenye makaburi yale niliyoyasukumia chini ya fremu nyeusi, na nilipotupa udongo nilikumbuka kicheko chetu na mafundi, nikalia kwa uchungu ambao sikuweza kumweleza mtu.

Niliporudi kwenye ukuta nukta ya buluu ilikuwa bado iko Hewa Bora. Nilisimama mbele yake na koti mwilini.

"Shiye hatukuigusa, yaya," binti akasema.

"Ni ya kwako," akaongezea Papa Chef kwenye kiti chake, bila kugeuka.

Nilikaa kidogo nikawaangalia wanavyofanya kazi. Sehemu ile ya mji ina shughuli nyingi, mishale inapita hapo kutwa. Na yote ilikuwa ikifika karibu na nukta ile inapinda, inapita kando, inaendelea. Hakuna aliyekuwa anafikiri. Nikajua kwamba hawataiondoa kamwe, wangeiacha mpaka mimi nizeeke. Lakini ukuta ule haupaswi kudanganya. Siku laini mbili zikikatika pamoja, mtu angekimbilia Hewa Bora kwa ajili ya kiti kitupu, na huku Katuba kuna mtu anapumua na mabega. Nikashika souris. Mshale wangu ukasimama pale ukingoni, kama nilivyojua utasimama.

"Pardon, papa," nikasema, nikaiondoa.

Papa Chef sasa amekwenda kupumzika, na binti wa Katuba ndiye anayekaa kwenye safu ya kushoto, juu, penye mwanga mzuri. Bado ninapita kuukagua ukuta mara kwa mara. Pale Hewa Bora hakuna alama yoyote, ni mstari wa kijani tu. Mshale wake wa chungwa ukitoka upande mmoja wa mji kwenda mwingine unakuja umenyooka, ukifika pale unapinda kidogo, unazunguka, halafu unanyooka tena. Sidhani kama anajua. Sijamwambia.